Nusu ya Kulwa

Sikuombi uniamini kwa sababu nina sura ya ukweli. Niamini kwa sababu mimi ni mtu wa vipimo. Nina stashahada ya ufundi wa kompyuta niliyoisomea Kuala Lumpur, na karo niliilipa mwenyewe kwa kuosha sufuria za hotelini. Hakuna mjomba aliyechangia, wala mbunge. Nimezaliwa Mbwawa, mtoto wa wakulima wa mihogo. Nilitoka peke yangu, nikarudi peke yangu, na leo ofisi yangu ipo Maili Moja, Kibaha, barabarani kabisa, na stashahada hiyo inaning'inia ukutani ndani ya fremu ya kioo. Mtu wa namna hiyo hababaishwi na stori za kijiweni. Kwa hiyo ninaposema kwamba niliyoyaona Kisarawe niliyaona kweli, jua kwamba nilishajaribu kwanza maelezo mengine yote, na yote yalinikatalia.

Ilianza mchana kweupe. Mama mmoja aliingia ofisini kwangu, mtumishi wa serikali kutoka Kisarawe aliyekuja Kibaha kwenye kikao cha mkoa. Dereva wao alishusha kompyuta ya mezani, monita kubwa na mfuko wa waya. Mama yule aliiangalia stashahada yangu kwa muda mrefu. Sikumkatisha.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni mtaalamu, mama. Mafundi wako mtaa wa nyuma."

"Haya, mtaalamu. Mimi naitwa Mama Doto."

Hapo nilitakiwa kusita. Wewe unajua, na mimi najua: Doto ni pacha wa pili. Wa kwanza ni Kulwa, na mama huitwa kwa mtoto wa kwanza. Kumwita mtu Mama Doto ni sawa na kuingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Nililiona hilo, nakuapia niliona. Lakini mimi niliulizia monita.

Akanieleza. Kompyuta ilikuwa ya mwanawe. Ukiiwasha, inawaka. Ukiandika barua, inaandika. Ukifungua mchezo wa mpira ndani ya kidirisha kidogo, unacheza bila shida. Lakini ukiutanua mchezo ujae kioo kizima, kioo kinakuwa cheusi ti. Sauti inaendelea, mashabiki wanapiga kelele, filimbi inalia, ila picha hakuna.

"Mafundi wa kwetu wameshindwa," alisema. "Na mtoto anaisha, kaka yangu. Chuo kimemwita, hataki kwenda. Hali chakula. Anakaa mbele ya kioo cheusi anasikiliza makelele ya mpira. Kitu pekee anachokiomba ni acheze kama zamani. Nimewaza, labda akicheza ataongea, akiongea atakula."

"Aliumwa?"

Alipanga waya ndani ya mfuko kana kwamba hakunisikia. "Utaweza?"

"Mama," nilimwambia, "nenda kwenye kikao chako. Mimi sishindwi na kioo."

Haya, ngoja nikueleze nilivyofanya, usije ukasema nilikurupuka. Kwanza nilibadilisha waya wa picha, maana waya uliochoka unaweza kuhimili picha ndogo ukashindwa na kubwa. Giza. Nikashusha ukubwa wa picha, nikashusha na kasi ya kioo, maana monita nyingine huzimika ikiletewa kasi isiyoiweza. Giza. Nikaondoa programu inayoendesha kadi ya picha, nikaweka mpya. Giza. Nikapima umeme unaoingia kwenye kadi, maana mchezo ukijaa kioo, kadi hunywa umeme mwingi zaidi. Umeme ulikuwa safi. Nikafungua boksi, nikapuliza vumbi, nikapaka dawa mpya ya kupoza joto. Giza tupu, na watu wanashangilia ndani yake.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ndilo hutenganisha mtaalamu na fundi: nikabadilishana vifaa. Kompyuta yao nikaiunga kwenye monita yangu. Monita yangu, nzima, niliyotoka nayo ng'ambo, ikawa nyeusi. Basi ugonjwa uko kwenye kompyuta, siyo? Nikachukua monita yao nikaiunga kwenye kompyuta yangu, nikapakia humo mchezo wao na kumbukumbu zake. Nayo ikawa nyeusi. Niambie wewe, ugonjwa gani unakaa kwa wote wawili kwa wakati mmoja, na hata ukiwatenganisha kila mmoja anabaki nao?

Shomari, fundi cherehani wa chumba cha pili, alikuwa amekuja kuegemea mlango wangu. Huyo kazi yake kubwa ni kunitania.

"Mtaalamu wa Malesia! Kioo kimekugomea? Nikuletee sindano ushone?"

"Kashone suruali za watu, Shomari."

Mvua ilianza kunyesha kwa hiyo hakuondoka. Mimi nikarudi kwenye ule mfuko, maana mtaalamu hujaribu kila kilicholetwa. Ndani kulikuwa na pedi mbili za kuchezea, zile za vitufe zinazoshikwa mikononi. Moja ilikuwa imetupwa tu humo. Ya pili ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, fundo juu ya fundo, kama mtu anavyofunga kitu asichotaka kifunguliwe lakini hawezi kukitupa. Nikakata fundo kwa mkasi wa Shomari. Nikaichomeka kwenye kompyuta yao.

Kioo kikawaka.

Kikawaka chote, ila kimegawanyika katikati, mchezo wa watu wawili. Juu ya nusu ya kushoto palikuwa na jina DOTO. Juu ya nusu ya kulia, KULWA. Nikachukua pedi ya kwanza nikaanza kucheza upande wa kushoto, nikijipongeza, maana nilishajua mlango wa tatizo uko wapi. Pedi ya pili ilikuwa juu ya meza, karibu na kikombe changu cha chai.

Nikafungwa bao.

Nikadhani ni mashine inacheza upande ule. Nikaingia kwenye mipangilio. Upande wa kulia umeandikwa: mtu. Nikarudi uwanjani. Wachezaji wa kulia walikuwa wanapigiana pasi fupifupi, kwa utulivu, kwa ufundi, wakanizunguka, wakanifunga la pili. Aliyefunga akakimbilia kona na kujitupa chini kwa goti moja.

"Leo unafungwa vizuri," alisema Shomari akicheka. Halafu kicheko kikakatika. Aliangalia mikono yangu, akaangalia pedi iliyolala mezani. "Mzee. Unacheza na nani?"

Nikaichomoa ile pedi. Kioo chote kikawa cheusi.

Shomari hakungoja mvua iishe. Alitoka ikinyesha hivyohivyo.

Unajua nilichofanya? Nilikasirika. Ndiyo, niliogopa pia, nywele za mikono zilikuwa zimesimama, lakini nimeshawahi kulala njaa nchi ya watu nikaamka nikafanya mtihani. Hofu kwangu ni kitu cha kupita katikati yake. Nikasema, kumbukumbu za mchezo huu zimeharibika, na kumbukumbu iliyoharibika husafishwa. Nikaenda kwenye orodha ya wachezaji. Nikaweka alama kwenye jina la Kulwa. Nikabonyeza kufuta. Mashine ikaniuliza, kama zinavyouliza zote, kama nina hakika nataka kumwondoa Kulwa.

Nikajibu ndiyo.

Pedi ya pili, ambayo haikuwa imechomekwa popote, ilitetemeka juu ya meza, ikajisogeza taratibu mpaka ukingoni, ikaanguka. Nikaiokota nikairudisha kwenye mfuko. Halafu nikafungua mchezo, mchezaji mmoja, kioo kizima. Picha ikajaa kutoka kona mpaka kona, nyasi za kijani, jua, uwanja umefurika. Nikapiga makofi peke yangu.

Siku iliyofuata nikampigia yule mama nikamwambia kazi imekwisha, naileta mwenyewe. Nina gari langu, sina haja ya kumsumbua dereva wa mtu. Nikapita Mbezi, nikakata Kifuru mpaka Pugu, nikapanda kilima cha Kisarawe jua likiwa linaelekea kushuka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na ukungu ulikuwa unapanda kutoka msituni. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ofisi za wilaya, ya bati la bluu, na uani nguo zilizosahaulika zikilowa kwenye kamba.

Kijana alikuwa amesimama barazani. Alivaa jezi na viatu vya njumu, upande wake mmoja umejaa tope toka begani hadi gotini, kama mtu aliyetoka uwanjani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wewe ndiye Doto?"

Alishuka mpaka garini. "Nikusaidie."

Nikashika boksi la monita upande huu, yeye akashika upande ule. Sikiliza vizuri hapa. Nilihisi uzito ukigawanyika. Mikono yangu haiwezi kunidanganya, nimebeba mizigo maisha yangu yote. Tulitembea hivyo kutoka garini mpaka mlangoni, nusu kwangu, nusu kwake.

"Kaka," alisema njiani, sauti ya upole kabisa, ya mtoto aliyelelewa, "kwa nini umenitoa?"

"Nimekutoa wapi?"

"Nilikuwa nacheza vizuri. Hata wewe uliona."

Nikadhani ana homa. Wewe ungedhani nini? Tulipofika kizingitini alisimama.

"Ingia basi, mvua itarudi."

"Ndani hakuna kiti changu," alisema, na akaachia. Uzito wote ukaniangukia kifuani, nikayumba mpaka ndani, nikaweka boksi juu ya meza huku nalaani vijana wa siku hizi.

Mama yake alitoka jikoni. Nyuma yake, akitoka chumbani na kujishikilia ukutani, alikuja kijana aliyekonda hadi mifupa ya shingo inahesabika. Sura ilikuwa ileile. Paji lilelile, kidevu kilekile. Nikageuka kuangalia barazani. Hapakuwa na mtu.

"Kumbe mapacha!" nilisema, kwa kujichangamsha. "Yule mwenzake ndiye amenisaidia kubeba."

Mama hakunitazama. Sauti yake ilikuwa ngumu kama ubao. "Washa mashine, kaka."

Doto ndiye alinitazama. Aliniangalia mdomo kama anayesubiri niseme tena.

Nikawasha. Mbele ya meza kulikuwa na kiti kimoja tu, na nilipozungusha macho niliona kuwa vitu vya kijana vyote vilikuwa hivyo: kikombe kimoja juu ya kabati, mswaki mmoja kwenye kopo la dirishani, kitanda kimoja kinachoonekana kupitia mlango wazi, na sakafuni pembeni yake alama nne za miguu ya kitanda kingine kilichotolewa. Doto akakaa. Nikampa pedi. Nikatanua mchezo, kioo kizima.

Picha ikajaa. Doto akavuta pumzi. Akaanza kucheza, mwanzo kwa vidole vizito, halafu vikalainika, halafu akacheka. Mama aliposikia kile kicheko alijifunika uso kwa kanga, akalia bila sauti. Mimi nilisimama nyuma yao mikono kifuani. Kwa dakika chache, ndugu yangu, nilijiona mkubwa kuliko hospitali.

Doto akasimamisha vidole.

"Mama, umeme umekatika?"

Kioo kilikuwa kinawaka mbele yake. Mwanga wa kijani ulikuwa umemjaa usoni, niliiona picha ya uwanja mzima ndani ya mboni zake.

"Mbona giza? Nasikia mashabiki tu. Mtaalamu, imezima tena."

Mama alipitisha mkono mbele ya macho yake. Hayakupepesa. Lile giza nililolitoa kwenye monita halikuwa limekwenda popote zaidi ya hapo.

Mama alipiga yowe la jina. Halikuwa la Doto. "Kulwa! Kulwa wangu, usimchukue mwenzako!"

Ndipo mama akanieleza. Kulwa alikufa kwa bodaboda kwenye mteremko wa Pugu, akitoka mpirani. Unajua mila ya mapacha: ukimnunulia mmoja, mnunulie na mwenzake, ukimkemea mmoja, mkemee na mwenzake. Na mmoja akitangulia, anayebaki huendelea kutengewa viwili mpaka aliyetangulia atulie. Mama alitenga. Sahani mbili, vikombe viwili. Kisha akachoka.

"Nilichoka kumwaga chakula, kaka. Nilichoka kuulizwa na watu sahani ya pili ni ya nani. Nikasema acha Doto azoee, nikatoa kitanda, nikafunga ile pedi. Nikaanza kujiita Mama Doto. Nilitaka kubaki na mmoja mzima."

"Nimemfuta," nilisema. "Jina lake. Nimelifuta kwenye mchezo."

Niliketi, nikaandika upya KULWA, nikachomeka pedi ya pili, nikagawa kioo katikati. Mama alikimbia jikoni akaleta kigoda akakiweka kulia kwa Doto. Mchezo ukaanza. Upande wa kulia wachezaji walisimama wima kama miti. Hakuna aliyecheza.

"Hayupo," alisema Doto, macho yake yakitazama mahali ambapo hakuna kitu. "Mama usimwite, hatakusikia. Sisi tulikuwa na sheria yetu. Aliyekutoa ndiye anayekurudisha." Akanigeuzia uso. "Kaka, wewe ndiye uliyemtoa."

Mimi? Mwenye stashahada, nitoke nje nikaite mtu aliyezikwa? Nilisimama pale nikitafuta kifaa cha kubadilisha. Hakikuwepo. Kulikuwa na mtoto wa mtu aliyeketi gizani mbele ya taa.

Nikatoka barazani. Adhana ya magharibi ilikuwa imetoka kuisha, ukungu umefika kwenye kamba ya nguo. Nikaita. Kwanza kwa sauti ndogo, kwa kuona aibu. Kisha kwa sauti ambayo majirani walisikia, na mpaka leo wananisimulia.

"Kulwa! Mdogo wangu, rudi. Mimi ndiye niliyekutoa, na ninakurudisha. Kiti chako kipo. Nusu yako ipo."

Tone la maji toka kwenye bati. Ndani Doto alianza kulia, na kilio kile kilinitoa maneno ambayo sikuyapima, mimi ninayepima kila kitu:

"Rudi! Na kama nusu yako haikutoshi, chukua ya kwangu!"

Nikasikia njumu. Zilipita pembeni yangu juu ya sementi, ka, ka, ka, bila haraka, zikavuka kizingiti. Upepo wa tope bichi ulinigusa shavu la kulia. Kigoda kikalia ndani.

Nilipoingia, wachezaji wa kulia walikuwa wanapigiana pasi fupifupi. Mmoja akafunga, akakimbilia kona, akajitupa chini kwa goti moja. Na Doto, machozi yakimtiririka, alikuwa anaifuata ile pasi kwa macho.

"Umenifunga kizembe, Kulwa," alisema. "Rudia kama we mwanaume." Halafu, bila kugeuka: "Mama, naona. Nina njaa."

Mama alipakua sahani mbili.

Mimi nilifurahi pamoja nao, mpaka nilipotazama kioo vizuri. Niliona upande wa Doto. Upande wa kulia, ule niliouona muda mfupi uliopita, sasa kwangu ulikuwa mweusi ti.

Umebaki hivyo. Nikikutazama wewe, nakuona mzima. Nikitazama barabara, naiona yote. Lakini monita, runinga, simu, chochote chenye picha ndani, nusu ya kulia kwangu ni giza. Nimekwenda kwa daktari wa macho, nikaenda na kwa mwingine mkubwa zaidi. Wote wamesema macho yangu ni mazima. Bado mimi ndiye bora hapa Kibaha, usidanganywe na mtu, ila nafanya kazi kwa kusogeza picha upande wa kushoto kidogo kidogo. Shomari anasema nasoma kompyuta kama kuku anayetafuta punje kwa jicho moja. Simjibu. Ananitania, lakini hajawahi kukanyaga tena ndani ya ofisi yangu.

Kwa hiyo, wewe unayetengeneza vitu vya watu, nisikilize. Ukiletewa kioo kinachokuwa cheusi mchezo ukijaa, badilisha waya, shusha kasi, pima umeme, fanya yote niliyoyafanya, maana mara nyingi ni hayo. Lakini ukikuta majina mawili humo ndani, na aliyekuletea anakutajia moja, acha mkono wako hapohapo. Mashine ikikuuliza kama una hakika, usiijibu wewe. Nyanyua simu, uliza nyumbani kwao.

Doto yuko chuoni sasa, amenenepa. Mama yake amerudi kuitwa Mama Kulwa. Kila wanapofunga chuo, Doto huniletea pedi nizitazame. Ya Doto bado nzima. Ya pili nimeshaibadilisha raba mara mbili, zimelika upande wa kidole gumba.